Kwa Nini Andiko Hupita Mikono Miwili

Hapo kale andiko lilikuwa na bwana mmoja tu. Aliyelisafisha makosa ndiye aliyetangaza limekamilika, na hakuna aliyethubutu kumuuliza neno. Katika mji wa Kivundoni bwana huyo aliitwa Shekuwe, hodari kwelikweli, mtu ambaye nukta ikikosekana hali chakula.

Mwaka mmoja askari wa liwali walikitia kufuli kisima cha Mkwajuni ili farasi wa bwana wao wanywe peke yao. Watu wakanywa maji ya chumvi, watoto wakaanza kuharisha. Wazee wakamwandikia liwali barua ya kumwomba akifungue. Desturi ilitaka salamu zitangulie: za liwali, za wakeze, za jamaa zake, hata za farasi wenyewe. Salamu zikajaza kurasa mbili, maji yakaja mwisho wa ukurasa wa tatu. Shekuwe akaipitia, asiache doa. Jibu likarudi: "Salamu zenu zimefika. Nasi hatujambo."

Kumbe liwali alisinzia kabla ya kuyafikia maji! Shekuwe akadhani hati haikupendeza, akainakili upya, safi kuliko ya kwanza. Jibu likawa lile lile.

Ndipo Mwanashee, mkunga wa mji, aliyekuwa ametoka kuzika mtoto wa pili aliyeuawa na maradhi yale, akamtaka Shekuwe amsomee nakala ya barua hiyo.

"Mwanangu, salamu nimezisikia. Maji yako wapi?"

"Ukurasa wa tatu, mama. Wala hapana nukta iliyopotea."

"Nukta hazinywewi, baba."

Mwanashee akashika kalamu. Maji akayaweka mwanzo, akawataja watoto wawili aliowazika, salamu zote akazifanya mstari mmoja. Shekuwe alinuna, tena sana. Lakini mama akamrudishia: "Ipitie sasa. Mimi jicho limechoka." Akaipitia, akagundua kwamba katika kuhamishahamisha, jina la kisima limeachwa, na liwali alikuwa na visima kumi na kimoja! Akaliandika mahali pake.

Liwali alimaliza kuisoma barua hiyo kahawa yake ingali moto. Kesho yake ufunguo ukaletwa, mji mzima ukapiga vigelegele, na wawili wale wakamwagiwa maji baridi hadi Shekuwe akapaliwa kwa kicheko.

Na tangu siku hiyo andiko huanza kwa mhariri, anayeuliza linasema nini na kwa mpango gani, kisha huishia kwa msoma prufu, anayehakikisha hakuna kilichokosewa wala kuachwa. Hununiana, ndiyo. Waacheni wanuniane. Watoto waliosalia wa mwaka ule wa kufuli walipona, wakakua, wakazeeka, nami ninayewasimulia ni mjukuu wa mmoja wao.