Kikombe Kisicho na Mwenyewe

Kipitacho mkononi hakipotei kichwani. Mmemsikia mama yenu akimwambia jirani maneno hayo, nanyi mmeniuliza yametoka wapi. Kaeni basi niwaeleze. Methali hii ilianza hivi, huku huku kwetu milimani Upare, kwa mwanamke aliyeitwa Namkunda na binti yake Nakijwa.

Nakijwa alikuwa na miaka mitano, anasoma chekechea. Moja mpaka ishirini aliziimba bila kukwama, na baba yake, Mbonea, alipenda kumsimamisha mbele ya wageni aimbe. Lakini siku moja Mwalimu Nietiwe alimwita Namkunda pembeni, akamweleza kwa upole kwamba mtoto akiombwa mbegu tatu, huleta zilizojaa kiganja. Namba alikuwa nazo mdomoni tu. Tena siku hizi, kila mbegu za kuhesabia zilipotolewa, Nakijwa aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akakaa huko mpaka kipindi kiishe.

Namkunda aliumia. Yeye mwenyewe aliacha shule kwa kuogopa hesabu, maana enzi zake ukikosea ulichapwa. Akamwambia mwalimu kwamba kwa somo hilo asimtegemee, hana msaada wowote.

"Mama Nakijwa," mwalimu akamuuliza, "jioni kwenu anayegawa chakula ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi mwachie yeye. Usimwambie ahesabu. Agawe tu, kila mtu na bakuli lake."

Namkunda alirudi nyumbani akiwa na mashaka, lakini jioni ile ile alianza. Nakijwa alibeba mabakuli kadiri mikono yake ilivyoweza, akayapanga mkekani. Mawili yakawa mbele ya baba, bibi yake hana kitu. Namkunda alitaka sana kunyoosha mkono arekebishe, akajizuia. Alimuuliza tu, "Hili la nani?" Mtoto akatazama bakuli, akatazama watu, akatazama tena bakuli. Mbonea akaguna kwamba ugali unapoa, kwa nini asiambiwe yaishe?

"Subiri, Baba Nakijwa," Namkunda akasema. "Anafikiri."

Ndivyo ilivyokuwa kila jioni. Baadaye yakaja maharage: mekundu huku, ya madoa kule, na upande upi una mengi zaidi? Zikaja kandambili za mlangoni, kila moja itafutiwe mwenzake. Kuni fupi ziwekwe mbele, ndefu nyuma. Ndizi moja igawiwe watoto wawili pasiwe na atakayelalamika. Msidhani ilikuwa raha tupu. Namkunda alirudi kutoka kwenye shamba la tangawizi mgongo ukimuuma, na kuna jioni mtoto alichoka akayamwaga maharage yote chini, akalia. Mama hakumchapa wala hakumcheka. Aliyaokota, na kesho yake akayatandaza upya. Kidogo kidogo Nakijwa akawa anakimbilia mabakuli kabla hajaitwa, na Namkunda akajikuta naye anaufurahia mchezo aliokuwa akiuogopa.

Ukaja msimu wa baridi. Asubuhi moja ukungu ulishuka mzito, mtu hamwoni aliye hatua chache mbele yake. Pale chekechea kila mtoto akifika huweka kikombe chake mezani kwa ajili ya uji. Watoto walicheza kidogo uani, kisha Mwalimu Nietiwe akawaingiza ndani kwa sababu ya baridi, akampa Nakijwa kazi ya kugawa vikombe. Alipomaliza, mkononi kilibaki kimoja.

"Mwalimu, hiki hakina mtu."

Mwalimu, aliyekuwa akimimina uji, alimwambia akirudishe mezani. Nakijwa hakwenda.

"Lakini mwenyewe alikiweka," akasema. "Yuko wapi?"

Mwalimu akaweka sufuria chini. Alikipokea kikombe kile, akakigeuza, akakitambua. Kilikuwa cha Tumsifu, mtoto mdogo kuliko wote, na Tumsifu hakuwamo ndani.

Kengele ililia mfululizo. Namkunda aliisikia akiwa shambani, akateremka mbio na jembe mkononi, moyoni akiwa na jina moja tu. Alimkuta Nakijwa salama mlangoni, akamshika kichwa, kisha akaingia ukunguni pamoja na wengine. Walimtafuta wakimwita, wakinyamaza, wakisikiliza, mpaka sauti nyembamba ikasikika upande wa ndiva, lile bwawa tunalokusanyia maji ya mashamba. Tumsifu aliteleza ukingoni, maji yakamfika kifuani, mikono imeng'ang'ania matete. Alipovutwa nje alikuwa ameanza kulegea. Wazee walisema wangechelewa kidogo tu, wangemkosa.

Mchana, mtoto akiwa amefunikwa blanketi na anakunywa uji, wazazi walimzunguka mwalimu wakimshukuru. Akawaambia shukrani si zake, akamwonyesha Namkunda. Mama yake Tumsifu akamwendea, akamshika mikono yote miwili, akamuuliza alimfundisha nini binti yake hata akajua upungufu ambao mtu mzima hakuuona.

Namkunda aliinamisha macho. Kusema mbele ya watu hakukuzoea.

"Sikumfundisha kitu, dada. Aliyenipa maarifa ni huyu mwalimu. Mimi nilimwachia tu mabakuli ayashike. Kipitacho mkononi hakipotei kichwani."

Mbonea alikuwa nyuma ya watu. Jioni ile alikaa mkekani akasubiri bakuli lake mpaka lilipomfikia, na wala hakuuliza kama ugali umepoa.

Maneno ya Namkunda yakashuka bondeni, yakavuka mlima, leo yanasemwa hata na watu wasiomjua. Kwa hiyo ukimwona mzazi amempa mtoto maharage achambue, naye anakawia, usimharakishe. Kipitacho mkononi hakipotei kichwani.