Kibati cha Kazi Kali

Hapo zamani, wala si zamani ya majini na wafalme, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na watu wazima na akili zao waliokusanya vibati. Kibati ni kipande cha shaba cha mviringo. Enzi za ukoloni, mkata mkonge akimaliza siku yake alipewa kibati kimoja, akaenda nacho kwenye duka la shamba kuchukua unga. Vibati vya shamba la Kwamkembe viliandikwa KAZI KAMILI.

Wakata mkonge walivichukia. Watoto wao wakaviundia chama.

Chama kilikutana kila Jumapili katika darasa la shule ya msingi, wazee kumi na mmoja kwenye madawati ya watoto, magoti yakikaribia videvu. Hawakutafuta vibati, maana vilikuwa tele. Walitafuta kasoro. Kibati kilichokosewa kiliitwa aina, na aliyeleta aina mpya aliandikwa jina kitabuni. Mhina alikuwa na Aina ya Mhina, yenye pengo ukingoni. Mwenyekiti, Mzee Semkiwa, alikuwa na Aina ya Semkiwa, yenye nukta baada ya herufi ya mwisho. Wenye husuda walisema ile nukta ni kinyesi cha nzi, na mjadala huo ulichukua miezi saba.

Singano peke yake hakuwa na aina. Miaka ishirini alilipa ada, miaka ishirini aliwapigia makofi wenzake wakiandikwa. Ilimuuma. Hata akienda msibani, jicho lake lilikuwa kwenye vikopo vya wenyeji, huenda mna kibati ndani.

Sasa, chama kilikuwa na amri moja iliyozipita zote: kibati hakisafishwi. Uchafu wake ndio heshima yake. Kwa hiyo Singano alikuwa na boksi la vibati vyeusi tii, akaandika juu yake: vya kawaida. Kimoja kilikuwa na tundu. Hicho alipewa na Bi Mwantumu, ajuza aliyewahi kukata mkonge Kwamkembe, kwa kilo moja ya sukari. Cha tundu chamani hakikuthaminiwa, akakitupia humo na kukisahau.

Idi ikakaribia. Mkewe, Mwanjaa, akasugua sufuria, akasugua sinia, akasugua birika, na kwa kuwa mkono ulikuwa umeshapamba moto, akasugua na boksi zima kwa ndimu na majivu. Singano aliporudi akakuta shaba inameremeta, alikaa sakafuni akalia kweli. Akavishika kimoja kimoja, akiviaga. Cha mwisho, kile cha tundu, kikamnyamazisha. Fundi wa maandishi alikuwa ameruka herufi mbili. Kiliandikwa KAZI KALI.

Jumapili ile Semkiwa alikitazama kwa lenzi, kikazunguka madawati yote, kikarudi. Akasema kimesafishwa na ni aibu kubwa, lakini ni aina, tena ya pekee. Akafungua kitabu.

"Nafasi ni ya jina moja," akasema. "La nani?"

Singano akasema ni lake. Yeye ndiye aliyekitafuta, yeye ndiye aliyekitunza, na nyumbani kwake hakuna mwingine ambaye angejua kuwa herufi mbili zilizokosekana ni kitu cha kumtoa mtu machozi.

Mwanjaa alikuwa amekuja kuomba radhi. Aliposikia hayo, akaghairi. "Wazee wangu, mume wangu alikaa nacho miaka minane asikione. Mimi nilikaa nacho robo saa. Kama nimekiharibu, kipakeni masizi tuone kama mtakisoma."

Bi Mwantumu naye alikuwepo, ameitwa athibitishe kibati kilitoka wapi. Akaomba akishike. Hakujua kusoma, akapapasa lile tundu kwa kidole gumba. Akaeleza kwamba siku moja alikata mkonge na mtoto mgongoni mpaka jua likazama, akapewa hiki, na mwenye duka akakikataa, eti kibovu. Akarudi bila unga. Akakitoboa, akamvisha mtoto shingoni, walau apate cha kuchezea mpaka usingizi umchukue.

"Wanangu, ninyi mnakiita aina," akasema. "Mimi nakiita Jumanne. Ile Jumanne sijarudishiwa."

Wazee wakainamia madawati. Mhina akanong'ona kwamba kwa haki aandikwe fundi, maana bila kosa lake hata chama kisingekuwa na la kusema. Mwenzake akamuuliza kama kweli fundi alikosea, au aliandika alichokiona.

Semkiwa akamsukumia Singano kitabu na kalamu. Kibati ni chako, akasema, andika wewe.

Singano akaishika ile kalamu aliyoiota miaka ishirini. Mkewe yuko kulia, ajuza yuko kushoto, kibati kiko katikati kinameremeta.

Na hadithi yangu imefika kwenye ncha ya kalamu hiyo, wino wa kuendelea sina. Nyinyi mnaonitazama, msaidieni huyu bwana: aliyekitambua, aliyekisugua, au aliyelala nacho njaa? Je, nani alistahili?