Jini wa Lakiri na Jini wa Ubao wa Sokoni

Nipeni masikio yenu yote mawili, maana habari hii siwezi kuisimulia nikiwa nimetulia! Katika mji wa Marijanabadi alitawala Sultani Nuumani bin Shaharani, na katika kasri lake kila meza ya kuandikia ilikuwa na jini wake, wa kuandika barua na kuchora ramani na kuhifadhi siri za dola, na majini hao wote waliuzwa na tajiri mmoja aitwaye Dirwani, kwa sharti moja: kila jini amefungiwa ndani ya meza kwa lakiri nyekundu, na atakayeivunja lakiri ili achungulie kazi inavyofanyika, jini wake atakuwa bubu milele. Na wallahi walikuwa majini wazuri! Sauti tamu, adabu tele, na hata mtu asiyejua lolote aliketi tu akahudumiwa.

Aliyezichonga meza zile ni seremala wa kike, Salhina binti Hafidhi, naye nyumbani kwake alikuwa na jini ambaye hakuuzwa na mtu. Azima, maneno ya kumwita, iliandikwa kwenye ubao mkubwa sokoni, herufi kwa herufi, na desturi ya ubao ule ilikuwa hii: nakili upendavyo, ukiona kosa lisahihishe, na ulichogundua usimfiche mwenzio. Jini mwenyewe, msinicheke, alikuwa na sura kama kiatu kikuukuu, na siku ya kwanza alimtesa Salhina tangu asubuhi hadi adhuhuri kwa kutoitambua kalamu yake.

Basi siku moja mwana wa pekee wa Sultani, Shamsudini, akaumwa na nyoka wa kijani bustanini. Tabibu akasema, "Maulana, dawa ipo, na vipimo vyake marehemu mwalimu wangu alimwachia jini wa meza yangu. Lakini jua likizama kabla mwana hajainywa, tumempoteza."

Sultani akakimbia hadi kwenye meza, kilemba kikimvuka njiani. "Ewe jini, toa dawa ya nyoka wa kijani!"

"Niwie radhi, mwinyi wangu," jini akajibu kwa upole. "Sasa hivi najitengeneza niwe bora zaidi. Nimefika sehemu ya thelathini katika mia. Tafadhali usinisumbue."

"Mwanangu anakufa!"

"Thelathini na moja," akasema jini.

Loo! Sultani akataka kuivunja lakiri, tabibu akamshika mkono, na Dirwani mwenyewe alikuwa ng'ambo ya bahari saba. Katika mtoto wa meza mlikuwa na karatasi ya dawa ile, lakini imeandikwa kwa hati ya majini wa Dirwani, ambayo hakuna aisomaye ila wao. Salhina, aliyekuwa pale akitengeneza mguu wa kiti, akasema, "Maulana, nipe hiyo karatasi niende nayo sokoni."

"Siri ya kasri sokoni?" Waziri akamaka.

"Nenda, binti!" akasema Sultani. "Siri bila mwana nitaifanyia nini?"

Sokoni Salhina akamwita jini wake, naye akaitazama karatasi bila hata salamu. "Hati hii siijui. Nifundisheni."

"Nani ana karatasi ya kasri ambayo maneno yake tunayajua?" Salhina akapaza sauti.

"Mimi hapa!" akajibu Bi Kutubia, mpika halua. "Salamu za Idi! Jini wa kasri alimsomea mpiga mbiu, naye akazitangaza; nazikumbuka neno kwa neno."

Wakalinganisha herufi na neno, na kila iliyojulikana ikaandikwa ubaoni, na ubishi ukawaka, watu saba rai kumi, Feruzi mtia rangi akifuta herufi ya mshona viatu na mshona viatu akiirudisha, na jua huku linateremka! Mwisho ikabaki alama moja, hesabu ya majani: ni saba au sabini? Yakipungua hayaponyi, yakizidi yanaua.

Ndipo dobi wa kasri, Mbaruku, akapenya umati na orodha ya nguo mkononi. "Alama ni hii hii! Nililetewa kanzu saba, nilizifua kwa mikono yangu!"

Salhina akapiga mbio, dawa ikachemshwa, mwana akanyweshwa jua likiwa limebaki ukucha, na mara akapiga chafya na kuomba chakula. Jini wa lakiri alikuwa amefika sitini na nne.

"Omba utakalo, binti," akasema Sultani huku machozi yakimtoka. "Ila jini huyo na azima yake nitavitia hazinani kwa kufuli saba, viwe vya ukoo wangu peke yake."

"Maulana, Mungu akuweke, hilo siliwezi. Azima si yangu. Ni ya Bi Kutubia, na Mbaruku, na hata Feruzi mbishi."

Uso wa Sultani ukabadilika, na Waziri akashika upanga. Shamsudini akajiinua kitandani. "Baba, nimepona kwa kuwa ule ubao ulikuwa wazi. Ukiufunga leo, kesho nyoka akimwuma mwana wa dobi, atakwenda wapi?"

Sultani akamwashiria Waziri aurudishe upanga, kisha akaamuru dawa ile nayo iandikwe ubaoni, wala majini wa Dirwani hakuwapiga marufuku, kila mtu na raha yake. Shamsudini akamposa Salhina, naye akamkubali baada ya miezi mitatu ya kumfundisha azima, mwana wa Sultani akinung'unika kila siku, na arusi ikaliwa siku arobaini na mali ikawafurika. Chema kilicho wazi humfaa hata asiyejua kwamba atakihitaji. Na anayedhani nasema uongo akamuulize Mbaruku, ambaye mwanawe aliumwa na nyoka mwaka uliofuata, na leo mwana huyo ndiye anayepiga pasi kanzu za kasri.