Jeneza Kwenye Kona ya Mfereji

Mzigo juu haukati kona. Shangazi yenu kamwambia hivyo kaka yenu leo asubuhi, huyu anayetaka kuacha kazi, kuoa na kujenga, vyote kwa mkupuo ili watu wamwone, nanyi mkaangua kicheko. Nangasu, wewe ulicheka kuliko wenzako, basi sogea hapa. Mnauliza methali hii imetoka wapi. Wahenga hawaijui. Ilianzia hapahapa kijijini kwetu, na mimi nilikuwepo.

Ushirika wetu wa tangawizi ulikuwa umenunua kijiko kidogo, ile mashine ya kuzolea mchanga na samadi. Kilikuwa kifupi na chembamba, kinapita hata katikati ya migomba. Sehemu ya mbele na ya nyuma ziliungwa katikati kwa pini, kwa hiyo dereva akizungusha usukani, mashine nzima inajikunja kiuno. Dereva wake alikuwa Elisaria, mtoto pekee wa Mzee Kilave na Mama Nakunda, majirani zangu. Siku zote alibeba mzigo chini, karibu uguse majani, akateremka polepole. Ukimuuliza mbona hivyo, alikujibu kwamba kijiko kikibeba chini ni mtu mzima, kikibeba juu ni mlevi.

Basi Mzee Kilave akafariki, masika yale ya mvua isiyokatika. Nyumba yao iko juu, na kaburi lilichimbwa bondeni kwenye shamba la ukoo. Njia ile mnaijua, utelezi na mawe matupu, halafu ile kona ya mfereji. Vijana wote walikuwa mjini, wakatuma salamu za pole. Wabebaji waliobaki walikuwa wazee wa magoti mabovu. Walijaribu kulinyanyua jeneza, wakateleza hata hawajatoka uani. Ndipo Elisaria akasema atamshusha baba yake mwenyewe, kwa kijiko.

Sasa, kwetu wakati ule maiti hakubebwa chini ya bega. Kinachobebwa chini ni mzigo wa shambani, mtu wa heshima hubebwa juu. Ndivyo tulivyolelewa. Elisaria alilifunga jeneza kwa kamba juu ya vyuma vya kubebea vya mbele ya kijiko, akalinyanyua kidogo tu, usawa wa magoti. Mama yake akaja akasimama mbele ya kijiko, kanga imemlowa mwilini.

"Elisaria, baba yako si samadi."

"Mama, njia hii ina kona. Nikikunja kiuno mzigo ukiwa juu, uzito wote utaelemea bondeni. Tutapinduka."

"Kijiji kizima kinatazama. Watasema nimemzika mume wangu kama gunia."

"Waache waseme, mama."

"Wewe una kazi yako na safari zako. Mimi ndiye nitakayesemwa kisimani."

Akalia. Hakuwa amelia tangu msiba uanze. Wazee wakadakia, mmoja baada ya mwingine, kwamba mama ana haki. Hakuna aliyesema mwacheni kijana, dereva ni yeye. Elisaria akamtazama mama yake, kisha akavuta leva, jeneza likapanda mpaka likapita vichwa vyetu. Tukaimba, tukafuata nyuma.

Kwenye njia iliyonyooka hakukuwa na shida, na ubaya wenyewe ndio huo, kwa sababu tulijiona tumeshinda. Wengine walianza kunong'ona kwamba kijana alikuwa mwoga tu. Alipofika kwenye kona akasimama, akataka kushusha mzigo. Mama yake akatikisa kichwa. Elisaria akakata kona. Gurudumu la upande wa juu likapanda jiwe, kiuno kikajikunja, jeneza likaelemea bondeni, na kijiko kikalala ubavu kama ng'ombe anayejilaza. Taratibu, wajukuu zangu. Tuliona kila kitu na hatukuweza lolote. Kilimlalia Elisaria ndani ya mfereji. Tulisukuma kwa mikono, tukavuta kwa kamba zilezile za jeneza. Tulipomtoa alikuwa hapumui tena.

Mzee Kilave alizikwa jioni ile bila wimbo. Jeneza lake tuliliburuta kwenye matope, sisi tuliokataa libebwe usawa wa magoti.

Kwenye maziko ya Elisaria vijana walikuja wote kutoka mjini. Safari hii nauli ilipatikana. Wakaliweka jeneza mabegani, juu kabisa, wakashuka wakiimba. Mama Nakunda alitangulia, ameshikwa mikono na wanawake wawili, mmoja wao mimi. Tulipofika kwenye kona akasimama, akawageukia.

"Mshusheni," akasema.

Aliyeongoza wabebaji akamjibu kwa upole, "Mama, hii ni heshima ya marehemu."

"Heshima hiyo nilimpa baba yake, nikailipia kwa mwanangu. Mshusheni. Mzigo juu haukati kona."

Wakamshusha mpaka usawa wa magoti, wakapita naye hivyo, wameinama, wimbo umekatika. Tangu siku ile kila maiti wa kijiji hiki hushushwa akifika pale, awe mkubwa awe mdogo, na hakuna anayeona aibu.

Mama Nakunda aliishi miaka mingi baada ya hapo, peke yake katika nyumba ile ya juu. Tulimtembelea, tukampelekea kuni na maharage, akatushukuru. Habari za mwanawe hakuzitaja tena. Ila akiona mtu anang'ang'ania jambo kwa sababu watu wanatazama, alimwambia polepole, bila kumkazia macho: mzigo juu haukati kona.