Kwa Nini Mgeni Wetu Huulizwa Anaondoka Lini

Zamani, kabla mlima huu haujavikwa ile kofia nyeupe mnayokwenda kuitazama, mgeni wa kisiwa hiki alikuwa haulizwi anaondoka lini. Kumuuliza ilikuwa sawa na kumfukuza. Alipewa maji, akalishwa, akalazwa, na siku ya safari mwenyewe aliigeuza kata ya kuchotea maji kifudifudi juu ya mtungi. Hapo wenyeji walijua, wakamfungia chakula cha njiani.

Kileleni kulikuwa na kaburi moja tu, la Sitti, binti wa Bi Zaliha, aliyekufa kwa homa akichunga mbuzi huko juu. Mlima wetu hutema majivu, kwa hiyo kila Ijumaa mama yake alipanda na ufagio kulifagia. Angekosa miezi miwili, kaburi lingefukiwa lisionekane tena.

Basi wakaja wataalamu wa nyota. Walisema hewa ya juu ni safi, wakaomba mahali pa kusimamisha darubini yao. Mdahoma, mkubwa wa kijiji na kaka yake Zaliha, akawakaribisha. Walikuwa watu wa adabu, sisemi uongo. Wakaleta mabomba, kisha saruji, kisha seng'enge, na darubini wakaijengea kuba jeupe, ndiyo hiyo kofia. Mara tatu Zaliha alimwendea kaka yake akitaka waulizwe watakaa mpaka lini, na mara zote tatu Mdahoma alikuja juu, akamuuliza kama anataka kijiji kizima kiitwe cha wachoyo. Wakaendelea kuingojea kata igeuzwe. Wageni hata habari ya kata hawakuwa nayo, maana hakuna aliyewaambia.

Ijumaa moja Zaliha alikuta lango na mlinzi. Akaambiwa ufagio unatimua vumbi, na vioo vya darubini havitaki vumbi. Aje Jumamosi ya kwanza ya mwezi, pamoja na watalii. Akaenda, akapanga foleni juu ya mlima aliozaliwa chini yake. Akaonyeshwa Zohali na pete zake. Alipoondoa jicho, akamwambia yule mtaalamu kijana, "Mwanangu, igeuze kidogo nimwone Sitti. Yuko hapo nyuma ya ukuta."

"Samahani, mama," akajibu. "Hii haioni vitu vya karibu."

Zaliha akashuka moja kwa moja mpaka kwa kaka yake. Aliigeuza kata kifudifudi juu ya mtungi, Mdahoma akiwa anamtazama, akahama kisiwa asirudi tena.

Na tangu siku hiyo, kwetu mgeni huulizwa mlangoni, kabla hajapewa maji: unaondoka lini? Mdahoma ndiye aliyeanza, kwa uchungu, na sisi tukamfuata. Kwa hiyo msinune kwa mlivyoulizwa kule chini. Zohali mtaonyeshwa, na ni nzuri, sikatai. Mimi ni mjukuu wa Mdahoma, na kila mwezi nawapandisha watu kama ninyi. Kaburi siwezi kuwaonyesha. Silijui lilipo.