Mwalimu Muhanga na Wigo wa Mibono

Paukwa.

Pakawa.

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa.

Pakawa.

Haya, watoto sogeeni. Na ninyi wakubwa msijifanye mnaongea yenu, maana hii inawahusu zaidi. Zamani, zamani hizo za kale, wanyama walikuwa na vijiji vyao na shule zao. Shule moja iliitwa Kichuguuni. Mwalimu wake alikuwa Muhanga. Mnamjua muhanga? Masikio marefu, pua ndefu, kucha za kuchimbia. Akianza kuchimba, humwoni tena.

Wanafunzi wa Kichuguuni walikuja asubuhi na matumbo matupu. Mwalimu anaandika, wao wanasinzia. Mwalimu anauliza, wao wanasinzia. Muhanga akasema, "Hawa si wavivu. Hawa wana njaa."

Akatoka nje. Kwaru, kwaru, kwaru. Yakatokea matuta manne. Tuta la mchicha. Tuta la kunde. Tuta la bamia. Tuta la maboga. Watoto wakapanda wenyewe, wakamwagilia wenyewe, wakajifunza kila jani na kazi yake mwilini. Mchana wakala walichopanda. Miezi mitatu haikupita, watoto walikuwa wakibishana darasani mpaka mwalimu anawaomba wanyamaze.

Ili nyani wasiingie, Muhanga alizungusha wigo wa mibono. Mbono una mbegu nyeusi. Ukiipasua, ndani nyeupe kama karanga. Ni tamu ulimini, na ni sumu tumboni. Mwalimu alijua. Watoto hawakujua.

Kulikuwa na mzazi mmoja ambaye hakuipenda bustani ile. Ngiri. Alikuwa na meno mawili yaliyopinda, marefu kama mundu. Alisema, "Mimi nimekula mizizi ya porini nikaota meno haya. Mtoto wangu wa nini na bamia?" Lakini binti yake, Mashavu, aliipenda bustani. Ngiri akamwacha aende.

Siku moja, baada ya chakula cha mchana, Mashavu alikaa kwenye wigo na rafiki yake Sikitu, mtoto wa Digidigi. Sikitu akaokota mbegu. Akaipasua. Akaonja.

"Karanga hizi," akasema.

Mashavu akaonja. Tamu. Akala ya pili. Akala ya tatu. Sikitu alikula moja tu. Mashavu alikula kumi na moja.

Ninyi mmeona. Kule shuleni hakuna mwingine aliyeona.

Kengele ilipolia, Mashavu hakusimama. Akatapika. Akatapika tena. Miguu ikalegea, pu, akaanguka. Mwalimu akambeba mgongoni mpaka kwa Bibi Nungunungu, mganga, ambaye nyumba yake ilitazamana na bustani. Watoto wakamfuata wote. Sikitu peke yake akakimbilia kwanza kwa mama yake. Akamweleza yote.

Mama Digidigi akamvuta karibu. "Umemwambia nani?"

"Wewe tu."

"Basi nyamaza. Yule Ngiri ana meno. Sisi tuna nini?"

Wakaenda wote kwa mganga, wakasimama nyuma kabisa. Bibi Nungunungu akatoka mlangoni. "Mtoto huyu amekula nini?"

Watoto wakajibu, "Tumekula mchicha. Tumekula kunde. Tumekula maboga."

Sikitu akajibu pamoja nao. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mara vumbi. Tuku, tuku, tuku, tuku. Ngiri huyo, mkia juu. Akaingia ndani, akamwona binti yake macho yamezama, midomo imekauka. Akatoka. Hakupiga kelele, na hilo liliwatisha zaidi.

"Mwalimu," akasema, "mwanangu amekula nini shuleni kwako?"

"Mchicha, kunde na maboga. Na wenzake wamekula hivyo hivyo, wote wazima."

"Basi jani moja lilikuwa baya. Nitayang'oa yote."

Akaingia bustanini. Akateremsha meno. Kwaru, kwaru, mchicha ukalala chini. Wazazi wengine, nao walioletwa na habari, wakatazama. Hakuna aliyemzuia. Muhanga akasimama mbele ya tuta la kunde. Ngiri akampita kando, akaanzia upande wa pili. Kwaru, kwaru. Kunde chini.

Bibi Nungunungu akatoka tena. "Anazidiwa. Nauliza mara ya pili, amekula nini?"

"Tumekula mchicha. Tumekula kunde. Tumekula maboga."

Safari hii Sikitu alifungua mdomo, hakutoa sauti. Mama yake alikuwa amemkanyaga kwato.

Kwaru, kwaru. Bamia chini. Likabaki tuta moja.

Bibi Nungunungu akatoka mara ya tatu. Mkononi alikuwa na kibuyu. "Kama ni jani baya, nitampa dawa ya kutapisha. Ni kali. Kama si jani, maji yote yatamwisha mwilini, na hatafika jioni. Kwa hiyo nauliza kwa mara ya mwisho."

"Tumekula mchicha," wakasema watoto. "Tumekula kunde. Tumekula maboga."

"Na mbegu za wigo," akasema Sikitu.

Wenzake wote wakageuka kumtazama.

"Mimi nilizipasua. Nilidhani karanga. Amekula kumi na moja. Bibi, usimpe hiyo dawa."

Mganga akamwaga kibuyu chote mchangani. Akaingia ndani mbio. "Maji! Leteni maji safi, na chumvi kidogo, na uji mwepesi."

Ngiri akaliacha tuta la maboga. Akageuka. Akaanza kumwendea Sikitu, taratibu, meno yamejaa udongo. Mama Digidigi akafumba macho, lakini hakukimbia. Akamweka mtoto chini ya tumbo lake.

Muhanga akasimama katikati.

"Ngiri, wigo nilipanda mimi. Niliwafundisha watoto kila kilichomo ndani ya wigo. Wigo wenyewe sikuwafundisha. Nilidhani hawatautazama. Ukitaka wa kumpasua, nipasue mimi. Huyu mtoto ndiye amemwokoa binti yako sasa hivi, mbele ya macho yako."

Ngiri akahema. Fuu. Fuu. Akamtazama mwalimu. Akatazama matuta matatu aliyoyalaza. Akakaa chini pale pale, akalia bila sauti.

Wakakesha? Hapana, hawakufika huko. Jua lilikuwa bado linaonekana mlimani kutapika kulipokoma. Mama Digidigi ndiye aliyeshika kikombe, akimnywesha Mashavu maji kidogo kidogo. Mtoto akafumbua macho, akasema, "Baba, una udongo usoni."

Asubuhi Ngiri alirudi Kichuguuni kabla ya mwalimu. Akang'oa mibono yote, mzizi kwa mzizi, akaifukia mbali na watoto. Mahali pake wakapanda miiba. Kisha akayalima upya matuta matatu, na alilima vibaya, mistari imepinda, wanafunzi wakamwelekeza. Msimu ule wote shule ilikula maboga tu. Maboga Jumatatu, maboga Ijumaa. Watoto walinung'unika, na Ngiri akavumilia.

Na Muhanga? Tangu siku ile, mwanafunzi mpya akija, somo la kwanza halianzii kwenye mchicha. Linaanzia nje, kwenye mimea isiyoliwa. "Huu usiguse. Huu usionje. Sasa twende kwenye tuta."

Basi sikilizeni ngano hii ilichonifundisha. Mtoto akifundishwa chakula, afundishwe na kile kisicho chakula, kwa sababu vyote vinaota udongo mmoja. Na wewe mkubwa, mtoto akiwa na la kukwambia, yafiche meno yako kwanza, aweze kulisema.

Ngano yangu imekomea hapo. Mwenye yake na aitoe.