Raia Asiyekuwa na Mbuzi

Hapo zamani, mvua ilipokuwa bado inaikumbuka njia ya jangwani, alikuwako Sultani Dahmani, naye alipenda vitu viwili: mbuzi wake, waliokuwa wengi kuliko sifa zake, na kozi wake, ndege wa kuwindia sungura. Basi mbuzi wakala nyasi, wakala vichaka, wakakaribia kula na vivuli vyake, ikawa kozi kila akirushwa hurudi na kucha tupu.

Sultani akaghadhibika. Akawaita maskini wa kisimani, akasema, "Mmewala sungura wangu. Nionyesheni raia mmoja tu aliyewatunza. La sivyo, kesho mnahama kisima hiki."

Na kisima kingine kilikuwa mwendo wa siku nne, nao walikuwa na vikongwe na watoto wachanga. Watu wakamtazama Mshamu, fukara wa kanzu moja na maneno mengi. Mshamu naye akageuka kuona wanamtazama nani. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Bwana wangu," akasema, "yuko mmoja. Ila hawezi kuja barazani."

"Kiburi gani hicho?"

"Si kiburi, bwana. Amelala."

"Basi nitamwamsha mwenyewe."

"Hilo ningependa kuliona."

Wakaenda, Sultani juu ya ngamia, Mshamu kwa miguu, hata wakafika kwenye kaburi la Sultani aliyepita, babaye Dahmani. Desturi ya nchi ile ilikataza kwato kukanyaga kaburi la mtawala, kwa hiyo lilizungushiwa ua wa miiba, mpana kama uwanja. Ndani, nyasi zilifika magotini. Panya wa jangwani walirukaruka kwa miguu miwili, na sungura wanne, wanene kama mawaziri, wakamtazama Sultani bila hata kuinuka.

"Raia? Huyu ni baba yangu."

"Tangu alipokiacha kiti, bwana, ni raia wako kama sisi. Hakulinda, hakufukuza mtu, hakufanya lolote. Ila hana mbuzi."

Sultani akageuka. Nje ya ua mbuzi wake walikuwa wakitafuna tandiko la ngamia. Akacheka hata kilemba kikamwendea upande.

"Mshamu, umeniaibisha mbele ya baba yangu."

"Nilitafuta shahidi mwenye cheo, bwana."

"Haya, kaeni kisimani. Na nusu ya malisho izungushiwe miiba leo hii. Nawe nakuzawadia mbuzi kumi."

Mshamu akapiga magoti. "Bwana wangu," akasema, "si umekwisha kunisamehe?"